Je, Kipimo cha Hospitali Chaweza Kutuambia Kuwa Binti Amekuwa Mtu Mzima?

Ndugu mmoja wa Rungwe Mpya, katika nyanda za juu za Kasulu, mkoa wa Kigoma, aliyejiunga na Jumuiya yetu si zamani, ametuletea swali ambalo tumeona lisijibiwe kwa barua ya faragha peke yake, kwa kuwa linawahusu wazazi wengi. Binti yake hajatimiza miaka minane. Katika miezi michache iliyopita ameanza kuota maziwa, na kimo chake kimewapita wenzake wa darasa la pili. Bibi yake amesema mtoto amekua. Jirani mmoja ametania, ikiwa kweli ni utani, ya kwamba mahari yako njiani. Daktari aliyemwona ameshauri apelekwe hospitali kubwa, apimwe homoni katika damu, apigwe eksrei ya mkono na atazamwe tumbo kwa ultrasaundi.

Baba anauliza mambo mawili. Kwanza, je, yaruhusiwa kumfanyia mtoto uchunguzi wa namna hii, au ni kuingilia siri za Mwenyezi Mungu? Pili, na hapa ndipo penye uzito, vipimo vikisema ya kwamba amebalehe, je, itampasa amhesabu kuwa mwanamke mzima katika sala, katika saumu na katika ndoa?

Swali la kwanza halitatuchelewesha. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliwafundisha wafuasi wake kutafuta dawa, na akawaeleza ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na tiba yake. Uchunguzi ni mlango wa tiba. Anayeufunga mlango asidai kuwa anaitafuta nyumba. Sharti ni sitara: mama awepo, aangaliwe na daktari mwanamke ikiwezekana, na lisifunuliwe ila lile linalohitajika. Hayo yakitimizwa, hakuna kizuizi.

Ili kulijibu la pili yapasa kwanza ifahamike vipimo hivi vinapima nini hasa, maana watu wengi huvisifu au huviogopa bila kuvijua.

Chini ya ubongo wa kila mtoto mna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kwa miaka mingi ya utoto sehemu hiyo hunyamaza. Wakati wake ukifika, huanza kutoa homoni yake kwa mapigo, kidogo kidogo, na mwanzoni hufanya hivyo usiku mtoto akiwa usingizini. Mapigo hayo huiamsha tezi ya pituitari, nayo huingiza katika damu homoni mbili ziitwazo LH na FSH. Hizo nazo huziamsha ovari, ambazo hutoa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayootesha maziwa, inayopanua nyonga na kuharakisha mifupa. Msichana huanza safari hii kwa kawaida baina ya miaka 8 na 13, na damu yake ya kwanza huja baada ya miaka miwili hivi, au zaidi kidogo, tangu dalili ya kwanza kuonekana. Ni mpango wa ajabu, wenye ngazi juu ya ngazi, na sisi tunaoamini hatuoni haya kusema ya kuwa una Mpangaji.

Elimu ya mambo haya si ya zamani. Muundo wa homoni ile ya haipothalamasi ulijulikana mwaka 1971. Mwaka 1977 Roger Guillemin na Andrew Schally walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya homoni za ubongo, na aliyegawana nao tuzo mwaka huohuo alikuwa mwanamke, Rosalyn Yalow, ambaye pamoja na mwenziwe Solomon Berson alivumbua njia ya kupima homoni zilizo chache mno katika damu. Kwa hiyo daktari wa leo aweza kuchukua damu ya mtoto asubuhi na kutazama LH yake. Ikiwa chini ya kizio 0.3 kwa lita, huenda tezi ingali imelala. Ikizidi hapo, hudhani ya kwamba imeamka. Lakini kipimo kimoja hakimtoshi. Mara nyingi humdunga mtoto dawa ya kuichokoza tezi, kisha hupima tena, aone kama LH inapanda. Estrojeni yenyewe, ambayo mtu angedhani ndiyo shahidi mkuu, mwanzoni huwa kidogo hata mashine hushindwa kuiona.

Ultrasaundi huonyesha umbo. Mfuko wa uzazi wa mtoto mdogo ni mwembamba kama mrija. Estrojeni ikiingia, sehemu yake ya juu hunenepa hata ufanane na pea. Urefu ukizidi sentimita 3.5 hivi, daktari huona kuwa homoni zimekwisha kuanza kazi.

Eksrei ya mkono wa kushoto, nayo, husoma umri wa mifupa. Daktari huilinganisha picha na kitabu cha picha za mikono ya watoto wa kila umri. Kitabu mashuhuri kuliko vyote cha namna hiyo ni cha Greulich na Pyle, kilichotoka mwaka 1950 na kurekebishwa mwaka 1959. Basi angalia, mpenzi msomaji, ni mikono ya nani iliyopigwa picha. Ni mikono ya watoto wa Kizungu wa Cleveland katika Marekani, wa nyumba zenye nafasi, wengi wao wa miaka ya 1930. Hali kadhalika ngazi tano za kupevuka kwa msichana, ambazo madaktari wa dunia nzima huzitumia, zilielezwa mwaka 1969 na Marshall na Tanner kwa kuwaangalia wasichana 192 wa Kiingereza waliokuwa wakilelewa katika makao ya watoto. Kazi zao ni za heshima na hatuzidharau. Walakini binti wa Rungwe Mpya aliyekulia ugali wa muhogo na maharage, aliyeugua malaria mara kadhaa, mkono wake ukiwekwa chini ya eksrei hupimwa kwa mkono wa mtoto wa Cleveland. Utapiamlo huichelewesha mifupa. Ugonjwa wa selimundu huchelewesha balehe. Hata kwa mtoto mwenye afya, kosa la mwaka mmoja au miwili katika usomaji huo si la ajabu. Daktari mwema anayajua haya, na ndiyo maana hasomi picha peke yake, bali humsoma mtoto mwenyewe.

Pamoja na upungufu huo, faida ni kubwa. Pengine daktari atagundua ya kwamba maziwa yameota tu na tezi ingali imelala. Hilo mara nyingi halina madhara, hutakiwa kungoja na kuangalia. Pengine dawa au krimu fulani ya nyumbani imemwingizia mtoto homoni. Pengine tezi imeamka kweli kabla ya wakati wake, na kwa wasichana wengi wa namna hiyo hakuna sababu inayoonekana, ila kwa wachache mna uvimbe katika ubongo. Ndiyo maana daktari aweza kutaka kichwa nacho kipigwe picha, hasa mtoto akiwa mdogo zaidi. Mtoto wa namna hii huwa mrefu leo, kisha mifupa yake hujifunga mapema na akabaki mfupi maisha yake yote. Iko sindano, inayodungwa kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, ambayo huinyamazisha tezi. Ikiachwa kwa wakati ufaao, safari huendelea. Wako pia wasichana wenye taabu ya kinyume, ambao miaka 13 hupita bila dalili yoyote, na watu wakawasema vibaya, kumbe walizaliwa na upungufu wa kromosomu uitwao Turner, unaompata msichana mmoja katika kila 2,000 au 2,500 hivi. Mwaka 2008 mjini Nairobi yalianzishwa mafunzo ya kuwaandaa madaktari wa watoto wa Afrika katika elimu hii ya homoni. Tunawaombea baraka.

Sasa tuseme binti wa ndugu yetu amepimwa, na karatasi imesema: tezi imeamka. Ni nini kilichoamka?

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno kadhaa hapa, wala si ya kitu kimoja. Tunasema msichana amevunja ungo, na hapo tunataja damu. Tunasema amebalehe, na hapo tunataja hukumu za dini. Tunasema amepevuka, na neno hili twalitumia kwa mwili na kwa akili pia. Mkulima wa Kasulu anajua tena tofauti ya kukomaa na kuiva. Mkungu wa ndizi ukikomaa hukatwa, lakini hakuna anayeumenya siku hiyo akadai ni tamu; huvundikwa na kungojwa. Maneno ya wazee wetu yamekwisha kutenganisha mambo ambayo karatasi ya hospitali, kwa ufupi wake, yaweza kuyachanganya.

Wako waliokwisha kuyachanganya. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, kwa idhini ya mzazi, na ikairuhusu mahakama kushuka hata 14. Moja ya hoja zilizozoeleka za kuitetea tofauti hiyo ni kwamba msichana huwahi kupevuka. Bibi Rebeca Gyumi aliipinga sheria hiyo mahakamani; Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019. Wakati wa mjadala huo Waislamu wengi walisema, kwa nia njema, ya kwamba dini inatazama balehe tu. Je, ni kweli?

Tuifungue Kurani Tukufu, sura An-Nisaa, aya ya 7 kwa hesabu inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza. Mwenyezi Mungu anazungumza na walezi wa mayatima. Anawaamuru wawajaribu mayatima hao mpaka wafike umri wa kuoa na kuolewa. Kisha, wakiona kwao rushdi, yaani uongofu wa akili na busara ya kupambanua lenye faida na lenye madhara, ndipo wawape mali zao. Angalia mpangilio wa maagizo. Umri wa ndoa umetajwa, lakini haukutosha. Baada yake imetakiwa rushdi, na rushdi haikuachiwa mwili uitangaze. Mlezi ameamriwa ajaribu, tena kwa muda, na aione kwa macho yake. Imamu Abu Hanifa aliliona jambo hili kuwa zito hata akasema kijana aliyebalehe bila rushdi azuiliwe mali yake mpaka miaka 25, na wanazuoni wengi walisema azuiliwe mpaka rushdi ionekane, hata akizeeka. Sasa, ikiwa mbuzi wa yatima hawakabidhiwi kwake ila baada ya mtihani wa akili, nafsi yake mwenyewe, na tumbo lake, na umri wake wote, vitakabidhiwa kwa ushahidi wa tezi? Na ndoa katika sura hiyohiyo, aya ya 22, imeitwa ahadi thabiti. Ahadi hufungwa na akili.

Seyyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, ambayo imejulikana ulimwenguni kwa jina la Falsafa ya Mafundisho ya Islam, ameeleza hali tatu za mwanadamu: ya kimaumbile, ya kimaadili na ya kiroho. Amefundisha ya kuwa msukumo wa maumbile, hata uwe mzuri wa sura, hauitwi tabia njema mpaka uongozwe na akili na utumike mahali pake. Homoni ni za hali ya kwanza. Zinaandaa chombo; hazimfanyi mwenye chombo kuwa nahodha.

Aliye na shaka na atazame tukio lililoandikwa na madaktari katika nchi ya Peru mwaka 1939: mtoto wa kike ambaye hajatimiza miaka sita alijifungua mtoto hai kwa kupasuliwa. Homoni zake, mfuko wake wa uzazi na mifupa yake vilikuwa vimetangulia mno. Kama balehe ya mwili ndiyo utu uzima, basi huyo alikuwa mwanamke mzima. Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo, bali kila mtu huona ya kuwa mtoto huyo alitendewa dhuluma kubwa.

Huenda mtu akasema: mbona sharia yenyewe imefanya dalili za mwili kuwa mpaka wa wajibu wa ibada? Ni kweli. Lakini kwanza, binti tunayemzungumzia hajafika hata huko. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wameweka miaka tisa kwa hesabu ya mwezi kuwa mwanzo wa hedhi, na damu itokayo kabla ya hapo hawaihesabu kuwa hedhi. Pili, wajibu wote haufunguliwi kwa mlango mmoja. Mtoto hufundishwa sala tangu miaka saba, naye ni mtoto. Katika saumu, Hadhrat Khalifatul Masih II (r.a.) alifundisha ya kwamba watoto ambao miili yao ingali inakua wasilazimishwe kufunga mwezi mzima, wazoezwe tu siku chache wakaribiapo utu uzima, na miaka 18 ndiyo aliyoihesabu kuwa ukomavu wa saumu. Vita nayo ina umri wake: Ibn Umar (r.a.) alirudishwa siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akakubaliwa siku ya Handaki akiwa na 15. Basi kila mzigo una bega lake. Mtu aliyeridhika kumsamehe binti yake saumu kwa kuwa anakua, kisha akamtwika ndoa kwa kuwa amekua, yapasa ajisikilize mwenyewe.

Wala tusidhani ya kuwa mwili wenyewe unawaunga mkono wenye haraka. Damu ya kwanza ikija, nyonga haijamaliza kazi; huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa. Msichana akishika mimba kabla ya hapo, mtoto aweza kukwama njiani, na uchungu wa siku mbili tatu ukamwachia fistula, mkojo ukamtoka bila kizuizi. Wahudumu wa CCBRT, Dar es Salaam, ambao wamewatibu wanawake wengi wa namna hiyo, hawahitaji hoja zetu.

Mwingine atasema: miaka 18 nayo ni namba tu, haimwoni mtu, kipimo cha damu kinamwona huyu na huyu. Hoja hii ina sehemu ya kweli, na hatuikwepi. Wako wenye busara wakiwa na 16, na wako wa 30 wasio nayo. Lakini namba haijidai kuona. Ni ua uliojengwa ili mwenye nguvu asimchukue mnyonge, na kila mtu anajua kuwa ni ua. Karatasi yenye muhuri wa maabara, kinyume chake, hujitia kuwa imemwona mtu ndani, kumbe imeona molekuli. Baba mwenye deni, anayeelezwa ng'ombe wangapi watakuja, akiishika karatasi hiyo atasema: si mimi niliyeamua, ni hospitali. Hapo kipimo kimemwondolea wajibu ule ambao Kurani Tukufu imemtwika yeye, wajibu wa kujaribu na kuona.

Hatari hii si ya vijijini tu. Serikali ya Uingereza iliwahi kuwapiga eksrei za mikono watoto wa Kiasia waliotaka kuwafuata wazazi wao huko, ili kuhakikisha kama umri wao ni wa kweli, ikaacha mwaka 1982 baada ya madaktari kulalamika kuwa mifupa haisemi tarehe ya kuzaliwa. Uswidi kuanzia mwaka 2017 iliwapima vijana wakimbizi magoti na magego ya mwisho. Sisi wa Kasulu, wenye kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, tunajua jinsi watoto wengi wavukao mpaka wanavyokuja bila karatasi, na jinsi ilivyo rahisi mtu mzima kuwaamulia umri unaomfaa yeye. Mkono ni uleule na eksrei ni ileile. Ikipigwa kwa ajili ya mtoto, ni rehema. Ikipigwa ili mwingine apate njia ya kumtumia au kumfukuza, mtoto amegeuzwa shahidi juu ya nafsi yake mwenyewe, naye hakuulizwa.

Kuulizwa ndiko Mtume (s.a.w.) alikokusimamia. Imepokewa ya kwamba msichana bikira alimjia akashitaki kuwa babaye amemwoza naye hapendi, Mtume (s.a.w.) akampa hiari, akubali au akatae. Hiari hiyo haina maana kwa asiyejua anachokubali.

Basi tunamjibu ndugu yetu hivi. Mpeleke mtoto, na usingoje, kwa kuwa katika jambo hili kila mwezi una thamani; mpeleke hospitali ya rufaa, kama Bugando ya Mwanza ikiwa ndiko utakakoelekezwa. Mwambie daktari kama mtoto huumwa kichwa au haoni vizuri, na umtajie kila dawa na krimu iliyomo nyumbani. Majibu yakija, yasomwe na wewe na mama yake na daktari. Bibi aambiwe kwa heshima ya kuwa mtoto anatibiwa, na jirani hana haja ya kuambiwa lolote. Aendelee na sala kama unavyomfundisha, saumu imngojee, na darasa la pili lisikatizwe. Mama yake amweleze taratibu yanayotokea mwilini mwake kabla wenzake hawajamweleza kwa kicheko, maana mtoto wa miaka saba huuogopa mwili unaobadilika, na katika barua yote tuliyoipokea hatukuona mahali aliposemwa yeye mwenyewe anajisikiaje. Kisha, siku ya safari, usisahau kadi yake ya kliniki. Humo mna tarehe aliyozaliwa na uzito wake wa miezi ya mwanzo, na daktari ataitaka kabla hajaitazama eksrei.